Lillehei: Tabibu wa moyo ambaye kazi yake iliamuliwa na miaka

DAKTARI Clarence Walton Lillehei alikuwa na umri wa miaka 31 pale alipogeuka kuwa mgonjwa katika hospitali ileile alimokuwa akisomea upasuaji.

Uvimbe uliojitokeza karibu na sikio lake ulikuwa umethibitishwa kuwa saratani. Mnamo Juni 1950, mwalimu wake, Prof Owen Wangensteen, alimpasua kwa saa nyingi, akaondoa tezi za shingo na hata kufungua kifua ili kutafuta mabaki ya ugonjwa huo. Baadaye Lillehei alitibiwa kwa mionzi.

Kulingana na ujuzi wa wakati huo, wengi waliopatwa na maradhi hayo hawakufikisha miaka mitano. Lillehei aliishi miaka mingine 49.

Hata hivyo, tiba iliyomwokoa ilimdai malipo polepole. Shingo yake haikunyooka tena. Zaidi ya miaka 20 baadaye, ukungu uliosababishwa na mionzi ulitanda machoni mwake, ukamlazimu kuweka kisu chini akiwa na umri wa takriban miaka 55.

Yaliyompata yeye ndiyo yaliyowapata wengi wa wagonjwa wake. Lillehei, ambaye wengi humwita baba wa upasuaji wa moyo ulio wazi, alikuwa pia miongoni mwa madaktari wa kwanza duniani kurekebisha vali za moyo zinazovuja huku wakizitazama kwa macho. Kila mgonjwa alipotoka salama katika chumba cha upasuaji, lilisalia swali moja: Je, marekebisho hayo yatadumu kwa miaka mingapi, na kwa gharama gani?

Swali hilo lilimfuata maisha yake yote.

Malezi na vita

Lillehei alizaliwa Oktoba 23, 1918, mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, katika familia yenye asili ya Norway. Babake alikuwa daktari wa meno.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mara tu alipohitimu akajikuta katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alihudumu katika hospitali za muda za jeshi la Marekani, kwanza Afrika Kaskazini kisha Italia, ambako majeruhi waliletwa usiku na mchana. Alitunukiwa nishani kwa utumishi wake.

Aliporejea nyumbani mwaka 1946, alimwoa muuguzi aliyekuwa amefahamiana naye kabla ya vita. Walijaliwa watoto wanne.

Chuoni, Prof Wangensteen alikuwa ameweka desturi ambayo haikuwa ya kawaida nyakati hizo. Kila aliyetaka kuwa daktari wa upasuaji alitakiwa kwanza kukaa katika maabara, akisoma jinsi mwili unavyofanya kazi na kuyajaribu mawazo yake kwa wanyama kabla ya kumgusa binadamu. Ni katika maabara hiyo ambapo Lillehei alianza kuuchunguza moyo.

Kiungo kilichoogopwa

Wakati huo moyo ulikuwa kama chumba kilichofungwa. Tabibu aliyethubutu kuugusa alifanya hivyo bila ya kuona ndani yake.

Mnamo 1925, daktari Mwingereza Henry Souttar aliingiza kidole katika moyo wa msichana mmoja jijini London ili kupanua vali iliyokuwa imebana. Msichana huyo alipona, lakini Souttar hakuletewa tena mgonjwa wa aina hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya Charles Bailey mjini Philadelphia na Dwight Harken mjini Boston kufaulu katika jambo hilohilo mnamo 1948.

Vali iliyobana iliweza kupanuliwa kwa kidole, ilhali vali inayovuja ilikuwa mtihani mwingine kabisa.

Moyo wa binadamu una vali nne ambazo kazi yake ni kuhakikisha kuwa damu inaenda mbele bila ya kurudi nyuma. Ile iitwayo mitrali iko upande wa kushoto, baina ya chumba cha juu na cha chini. Ni mithili ya mlango wenye mbao mbili. Mbao hizo ni ngozi laini ambazo zimefungwa kwa kano nyembamba, na kano hizo zimeshikwa na misuli midogo iliyo ndani ya chumba cha chini, kama kamba zinavyolishika hema lisipeperushwe na upepo.

Kano ikikatika, ngozi ikikunjamana kwa makovu au ukingo wa vali ukipanuka kupita kiasi, mlango hushindwa kujifunga. Kila moyo unapojikaza, sehemu ya damu hurudi ilikotoka. Moyo hulazimika kufanya kazi maradufu, hupanuka, huchoka, na hatimaye maji hujaa katika mapafu. Mgonjwa hushindwa kupumua anapolala chali, na miguu yake huvimba.

Kasoro kama hiyo haiwezi kutibiwa kwa kupapasa. Tabibu anahitaji kuusimamisha mtiririko wa damu, kuufungua moyo, kuitazama vali na kuishona kwa utulivu. Lakini ubongo unaokosa damu kwa zaidi ya dakika chache huharibika. Hicho ndicho kilikuwa kitendawili.

Dakika tano hazitoshi

Jibu la kwanza lilikuwa baridi. Mnamo Septemba 2, 1952, Dkt John Lewis wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akisaidiwa na Lillehei pamoja na wenzao, aliupoza mwili wa msichana wa miaka mitano ili upunguze mahitaji yake ya hewa safi. Kisha aliufungua moyo na kuziba tundu lililokuwa ndani yake. Msichana huyo alipona.

Njia hiyo iliwapa madaktari dakika zipatazo tano tu. Zilitosha kwa tundu dogo, lakini hazikutosha kwa kasoro kubwa, sembuse kushona vali.

Kwingineko, Dkt John Gibbon wa Philadelphia alikuwa ametumia karibu miaka 20 kuunda mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu. Mwezi Mei 1953 alifaulu kumtibu msichana wa miaka 18 kwa mashine hiyo. Wagonjwa wake wengine walifariki, naye akavunjika moyo na kuacha upasuaji wa aina hiyo. Madaktari wengi walianza kuamini kwamba moyo mgonjwa hauwezi kustahimili kisu.

Lillehei hakukubaliana nao. Yeye na wenzake Morley Cohen na Herbert Warden walikuwa wakifanya majaribio kwa mbwa, wakitafakari jinsi mtoto aliye tumboni anavyoishi kwa kutegemea damu ya mamake. Waliuliza kama mtu mzima mwenye afya angeweza kuukopesha mwili wa mtoto moyo na mapafu yake kwa muda wa upasuaji.

Mnamo Machi 26, 1954, jaribio hilo lilifanywa kwa binadamu. Mtoto wa kiume wa takriban mwaka mmoja alilazwa kwenye meza moja, na babake kwenye meza nyingine kando yake. Mishipa yao iliunganishwa kwa mipira, na pampu ikapitisha damu baina yao. Lillehei aliufungua moyo wa mtoto na kuziba tundu lililokuwa kati ya vyumba vya chini.

Upasuaji ulifaulu, lakini mtoto huyo alifariki siku 11 baadaye kutokana na ugonjwa wa mapafu.

Wakosoaji walipaza sauti. Walidai kuwa huo ulikuwa upasuaji wa kwanza katika historia unaoweza kuwaua watu wawili kwa mpigo. Lillehei, akiungwa mkono na Wangensteen, aliendelea. Mnamo Agosti mwaka uo huo alirekebisha kasoro ambayo ndani yake mna tundu katikati ya moyo na vali zilizopasuka. Kabla ya mwezi kwisha, alirekebisha pia kasoro iliyokuwa ikiwafanya watoto kugeuka rangi na kuwa samawati kwa kukosa hewa.

Kufikia mwaka 1955 alikuwa amewapasua wagonjwa 45 kwa njia hiyo. Kati yao, 28 walirudi nyumbani wakiwa hai. Wazazi na watu wengine waliojitolea kuwakopesha damu walinusurika wote, ila mama mmoja aliyepata madhara mabaya ya ubongo. Jambo hilo lilionyesha kwamba njia hiyo haingeweza kutumika daima.

Mishono ndani ya vali

Lillehei alimkabidhi daktari kijana, Richard DeWall, kazi ya kutafuta njia rahisi ya kuitia damu hewa safi. DeWall alitumia mipira ya plastiki iliyokuwa ikitumika katika viwanda vya vyakula, akapitisha mapovu ya hewa ya oksijeni ndani ya damu, kisha akayaondoa mapovu hayo kabla ya damu kurudi mwilini. Kifaa hicho kilikuwa rahisi na cha bei nafuu. Mara hospitali nyingi zikaanza kuiga mfano huo.

Sasa Lillehei alikuwa na kile alichokikosa tangu mwanzo: muda. Mbali na watoto waliozaliwa na kasoro, aliweza kuwashughulikia watu wazima ambao vali zao zilikuwa zimeharibiwa na maradhi.

Wengi wao walikuwa wameugua homa ya rumatiki utotoni. Ugonjwa huo huanza kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa ipasavyo. Kinga ya mwili, katika kupigana na vijidudu hivyo, hugeuka na kuushambulia moyo wenyewe, na vali hubaki na makovu.

Mnamo 1957, Lillehei pamoja na Vincent Gott, DeWall na Richard Varco walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa ambao vali zao za mitrali zilikuwa zikivuja. Walikuwa wameufungua moyo, wakaitazama vali, kisha wakaukaza ukingo uliopanuka kwa mishono ili ngozi zake mbili zikutane tena. Ilikuwa miongoni mwa taarifa za kwanza duniani za kurekebisha vali inayovuja kwa kuitazama moja kwa moja.

Mwaka huohuo ulimletea jambo jingine. Baadhi ya watoto aliowashona matundu ya moyo walipatwa na tatizo la mapigo kwenda taratibu mno, kwani mshono ulikuwa umegusa njia ya umeme wa moyo. Walihitaji mashine ya kuyachochea mapigo hayo, nayo ilitegemea umeme wa ukutani. Mnamo Oktoba 31, 1957, umeme ulipotea mjini Minneapolis. Lillehei alimwomba fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, kubuni mashine inayotumia betri. Bakken aliileta baada ya wiki chache, na kampuni yake ndogo ya Medtronic baadaye ikawa mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za vifaa vya tiba duniani.

Upungufu wajitokeza

Sifa za Lillehei zilienea, lakini vali alizozishona zilianza kutoa ushahidi wao.

Mishono iliyokaza ukingo wa vali haikudumu kwa kila mgonjwa. Baadhi ilijikata katika nyama laini ya moyo, nayo vali ikaanza kuvuja tena. Kwa walioharibiwa na homa ya rumatiki, makovu hayakukoma siku ya upasuaji. Ngozi za vali ziliendelea kukunjamana mwaka baada ya mwaka.

Kwa hivyo, Albert Starr wa Oregon alipofaulu kupandikiza vali bandia yenye gololi ndani ya kizimba mnamo 1960, madaktari wengi waliona kwamba kazi ya kushona vali imepitwa na wakati. Walianza kuikata vali nzima, pamoja na kano na misuli yake, na kuweka mtambo mahali pake.

Matokeo yake yalikuwa mchanganyiko. Vali mpya ilifunga vyema, lakini mioyo ya baadhi ya wagonjwa ilidhoofika ghafla baada ya upasuaji, na wengi wao wakafariki hospitalini. Wengine walishambuliwa na kiharusi kutokana na damu iliyoganda kwenye mtambo huo, na walionusurika walilazimika kumeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa maisha yao yote.

Lillehei aliuchunguza udhaifu huo na akafikia uamuzi uliokwenda kinyume na desturi. Alishuku kwamba kano zilizokuwa zikikatwa na kutupwa zilikuwa na kazi nyingine, nayo ni kuusaidia moyo kujikaza. Alianza kupandikiza vali bandia huku akiziacha kano na misuli yake midogo mahali pake.

Mnamo 1964 alichapisha matokeo. Vifo vya wagonjwa waliowekewa vali ya mitrali vilikuwa vimepungua kutoka asilimia 37 hadi asilimia 14.

Ajabu ni kwamba wenzake wengi hawakumsikiliza. Wengine walihofia kuwa kano hizo zingeuzuia mtambo usifunguke. Iliwachukua madaktari takriban miaka 20 kulirudia wazo hilo. Katika miaka ya 1980, uchunguzi uliofanywa na Tirone David wa Toronto, Kanada, pamoja na wengineo, ulithibitisha kwamba Lillehei alikuwa amesema kweli. Leo ni desturi kuzihifadhi kano hizo kila inapowezekana.

Kupanda na kuporomoka

Mnamo 1967, Wangensteen alistaafu. Wengi walitarajia kwamba Lillehei angerithi kiti chake, lakini chuo kilimteua John Najarian. Lillehei alifunganya virago na kuelekea New York, ambako alifanywa mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Cornell.

Huko hakudumu. Mtu aliyezoea kufanya kazi usiku kucha na kupuuza taratibu za ofisi alijikuta akigongana na wakubwa na wenzake. Mnamo 1970 aliondolewa katika wadhifa wake wa uongozi.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1973, aliposhtakiwa mjini St Paul kwa kukwepa kulipa kodi ya mapato. Mahakama ilimpata na hatia katika mashtaka matano. Aliponea kifungo cha gerezani, lakini akatozwa faini ya dola 50,000 na kuamriwa kutoa huduma kwa jamii. Baadhi ya wenzake walimwepuka.

Mwaka huohuo macho yake yalimshinda. Mionzi ya 1950, ambayo bila yake huenda hangefungua moyo wa mtu yeyote, ilikuwa imemaliza muda wake wa kushika kisu.

Lillehei alirudi Minnesota akiwa ameshuka cheo. Alitumia ujuzi wake katika kushauri watengenezaji wa vali bandia. Kuanzia 1979 alikuwa mkurugenzi wa masuala ya tiba katika kampuni ya St Jude Medical, ambayo vali yake yenye vijibango viwili vya kaboni ilipandikizwa kwa mara ya kwanza mnamo 1977. Vali ya aina hiyo ilitumika kote ulimwenguni.

Hukumu ya wakati

Huku yeye akiwa nje ya chumba cha upasuaji, kazi aliyoianza ya kushona vali ilikuwa imefufuliwa jijini Paris, Ufaransa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Dkt Alain Carpentier alibuni pete maalumu ya kuushikilia ukingo wa vali ili mishono isijikate na ukingo usipanuke tena. Alibuni pia njia za kuondoa sehemu ya ngozi iliyolegea na kurejesha kano zilizokatika. Udhaifu ulioziangusha vali za kwanza za Lillehei ukapata dawa.

Miaka ilipopita, matokeo yalihesabiwa. Mnamo 1995, madaktari wa hospitali ya Mayo, iliyo katika jimbo lilelile la Minnesota, walilinganisha wagonjwa 409 waliotibiwa mitrali inayovuja kutokana na kasoro za vali yenyewe. Miaka 10 baada ya upasuaji, asilimia 68 ya waliorekebishiwa vali zao walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 52 ya waliowekewa vali bandia.

Mnamo 2001, kundi la Carpentier lilitoa taarifa ya wagonjwa 162 ambao vali zao zilikuwa zimeharibika bila ya homa ya rumatiki. Miaka 20 baada ya upasuaji, karibu nusu yao walikuwa hai, kiwango kilichokaribiana na cha watu wengine wa umri wao wasiokuwa na maradhi hayo. Wengi wao hawakuhitaji kupasuliwa tena.

Hata hivyo, mwaka huohuo kundi hilo lilitoa taarifa nyingine kuhusu wagonjwa 951 wa homa ya rumatiki, wengi wao wakiwa vijana. Miaka 10 baada ya upasuaji, asilimia 82 walikuwa hawajarudi kupasuliwa. Kufikia miaka 20, kiwango hicho kilikadiriwa kuwa kimeshuka hadi asilimia 55.

Takwimu hizo mbili zinaeleza mengi. Vali iliyolegea kwa uzee au udhaifu wa nyama ikirekebishwa vyema, inaweza kumtosha mtu maisha yake yote. Vali iliyoliwa na homa ya rumatiki hupewa muda tu, na muda huo hutegemea jinsi mgonjwa anavyochungwa ili homa isirudi.

Afrika Mashariki yahusika

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa Afrika, ambako homa ya rumatiki ingali chanzo kikuu cha uharibifu wa vali kwa watoto na vijana.

Daraja la kwanza baina ya Lillehei na bara hili lilikuwa mwanafunzi wake, Christiaan Barnard wa Afrika Kusini, aliyesomea Minnesota katika miaka ya 1950. Barnard alirejea Cape Town akiwa na mashine ya moyo na mapafu iliyopatikana kwa msaada wa Wangensteen, na mnamo Desemba 3, 1967, akawa wa kwanza duniani kupandikiza moyo wa binadamu kwa binadamu mwingine. Norman Shumway wa California, aliyeendeleza upandikizaji huo kwa utafiti wa miaka mingi, pia alipitia mikononi mwa Lillehei. Kwa jumla, aliwafunza madaktari zaidi ya 100 kutoka pembe nyingi za dunia.

Nchini Kenya, upasuaji wa moyo ulio wazi hufanywa katika hospitali kadhaa, zikiwemo Hospitali Kuu ya Kenyatta na Mater jijini Nairobi, pamoja na Tenwek katika Kaunti ya Bomet. Dar es Salaam na Kampala pia zina taasisi zao za moyo. Katika vyumba hivyo madaktari hukabiliwa na uamuzi uleule aliokumbana nao Lillehei: kushona vali aliyozaliwa nayo mgonjwa au kumwekea mtambo.

Kwa msichana wa miaka 15 kutoka kijijini, uamuzi huo si mwepesi. Akiwekewa vali ya chuma au kaboni, atahitaji dawa za kuzuia damu kuganda kila siku na vipimo vya damu mara kwa mara, ilhali kliniki huenda iko mbali. Dawa hizo pia zinaweza kumdhuru mtoto akishika mimba. Vali yake ikishonwa, ataepuka mzigo huo, lakini huenda akalazimika kurudi mezani miaka kadhaa baadaye.

Kwa vyovyote vile, anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili homa isiishambulie vali tena. Dawa hiyo ni ya bei nafuu mno ikilinganishwa na gharama ya upasuaji. Isitoshe, mtoto mwenye koo linalouma akitibiwa mapema, huenda asihitaji kamwe kumwona daktari wa upasuaji wa moyo.

Orodha ya watu 45

Mnamo 1986, Lillehei na wenzake wa zamani waliirudia orodha ya wale wagonjwa 45 waliounganishwa na wazazi na wahisani katika miaka ya 1954 na 1955. Walitaka kujua walikofikia baada ya miaka 30.

Kati ya 28 waliotoka hospitalini wakiwa hai, 22 walikuwa wangali hai. Watoto waliodhaniwa kuwa hawangefikia umri wa kwenda shule walikuwa sasa watu wazima, baadhi yao wakiwa na watoto wao wenyewe.

Kwa wengi, taarifa hiyo ilikuwa jibu kwa wakosoaji wa 1954. Pia ilikuwa kumbukumbu ya waliopotea, kwa sababu Lillehei aliwahesabu wote, walioishi na waliokufa, katika orodha moja.

Taratibu wenzake walimsamehe yale ya mahakamani. Chuo Kikuu cha Minnesota kilimpokea tena, na taasisi ya utafiti wa moyo chuoni humo ikapewa jina lake.

Dkt Clarence Walton Lillehei alifariki Julai 5, 1999, nyumbani kwake mjini St Paul baada ya kuugua saratani nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 80.